Boneti imefungwa lakini taa haizimi: pima kabla ya kununua swichi

Dashibodi inasema boneti iko wazi, au alamu inalia usiku bila mtu kugusa gari. Wengi hukimbilia swichi mpya ya boneti, ile iliyo ndani ya loki inayoliambia gari kama boneti imefungwa. Mara nyingi kosa ni uchafu au waya.

Hatua ya 1. Safisha loki kwa brashi na dawa ya kulegeza kutu, futa, paka grisi kidogo. Grisi iliyoganda huzuia ulimi wa loki kufika mwisho, basi swichi ya ndani haibonyezwi. Raba za pembeni ambazo boneti hulalia zikiwa zimefunguliwa juu mno, matokeo ni yale yale.

Hatua ya 2. Chomoa plagi ya swichi. Tafuta ukijani wa kutu, maji, pini iliyopinda.

Hatua ya 3. Weka multimita (kipimo cha umeme) kwenye omu, pima pini za swichi loki ikiwa wazi. Sukuma ulimi kwa bisibisi mpaka ushike, pima tena huku unatikisa waya. Swichi nyingine huunganisha loki ikifungwa, nyingine hukata; unachotafuta ni namba kubadilika. Isipobadilika, swichi imekufa. Halafu vuta mkono wa kufungulia, ulimi uachie, kabla hujashusha boneti! Ukisahau, boneti itagonga loki iliyokwisha kufungwa na kitu kitapinda.

Hatua ya 4. Swichi ni nzima? Pima plagi upande wa gari. Kwenye magari mengi waya mmoja unaenda kwenye bodi la gari: ukiupima hadi hasi ya betri, omu ziwe karibu na 0. Wa pili, ufunguo ukiwa ON, hubeba volti za kompyuta, aghalabu 5 au 12. Hakuna kitu? Ufuate waya, hasa unapopinda nyuma ya grili. Gari lililowahi kugongwa mbele, anzia hapo.

MASWALI

Fundi, nikiunganisha zile waya mbili nisahau habari hii?
Kwa kupima tu, sawa. Kwa swichi inayounganisha loki ikifungwa, ukiziacha hivyo gari halitajua boneti ikiwa wazi, na kama linawashwa kwa rimoti, injini inaweza kuwaka mikono yako ikiwa kwenye mkanda. Mimi sifanyi.

Mkuu, yangu inasoma omu 1,000 hivi ikifungwa, ikifunguliwa inasoma nyingine. Mbovu?
Hapana. Ina rezista ndani, ili kompyuta itofautishe boneti iliyo wazi na waya uliokatika. Linganisha na kitabu cha ufundi cha gari lako.

Alamu inalia siku za mvua tu.
Maji yanaingia kwenye plagi. Kausha, safisha pini, kagua raba yake. Usiijaze silikoni, utayafungia maji humo humo.