Kupima Mabaki ya Viuatilifu Majini kwa Mwanga: Unachopaswa Kujua Kabla ya Kuamini Kifaa

Siku nzuri ya kupima maji ni baada ya mvua kubwa ya kwanza tangu upige dawa. Maji yanayotiririka hukokota dawa iliyobaki kwenye majani na udongo hadi mtaroni, bwawani au kisimani. Ukingoja wiki kadhaa za jua, huenda kifaa kisione kitu, ilhali mifugo imekwisha kunywa.

Vipo sasa vipimo vya haraka vinavyotumia mwanga. Kimojawapo ni spektroskopia ya Raman, iliyopewa jina la mwanasayansi wa India, C. V. Raman. Mwaka 1928 alionyesha kwamba mwanga ukigonga molekuli, sehemu yake ndogo hutawanyika ikiwa imebadilika rangi, na kila aina ya molekuli huubadilisha kwa namna yake. Mwanga huo ni hafifu mno, hivyo sampuli huchanganywa na chembe ndogo sana za fedha au dhahabu ili uongezeke nguvu. Thiramu, dawa ya ukungu yenye salfa, hushikamana vizuri na chembe hizo na hutambulika upesi. Njia nyingine hutazama mng'ao wa dawa yenyewe: kabarili, dawa ya wadudu, na kabendazimu, dawa ya ukungu, hung'aa zenyewe zikimulikwa kwa miale ya urujuanimno (UV). Glaifosati, dawa ya magugu, ni ngumu zaidi: karibu haifyonzi miale hiyo, na mara nyingi hutiwa kemikali nyingine kwanza ndipo ionekane.

Kwa hiyo muulize anayekupimia: kifaa hiki kinatambua dawa zipi, na kuanzia kiasi gani? Umoja wa Ulaya huruhusu maikrogramu 0.1 tu (maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu) ya kiuatilifu kimoja katika lita ya maji ya kunywa. Kifaa kinachoanza kuona kwenye maikrogramu 10 kikionyesha sifuri, hakijasema kwamba maji ni salama. Kwangu, kuichukulia sifuri hiyo kama ruhusa ya kunywa ni hatari kubwa kuliko kutopima kabisa.

Sampuli nayo ina mambo yake. Tumia chupa safi ya kioo cheusi au cha kahawia. Kwa glaifosati tumia ya plastiki, kwani hunata kwenye kioo. Asiichote aliyetoka kupiga dawa. Chota chini kidogo ya uso wa maji, na chota nyingine upande wa juu wa shamba, mahali ambapo dawa haijafika, upate cha kulinganisha. Tope na uozo wa majani huvuruga mwanga, kwa hiyo maji yachujwe. Yaweke kwenye baridi na giza, yapimwe mapema, maana dawa za jamii ya fosfeti huvunjika zikikaa, hasa maji yakiwa na alkali. Andika jina la dawa, tarehe ya kupiga na siku ya mvua.

Kifaa kikionyesha dawa, zuia mifugo na watu kutumia maji hayo, kisha peleka sampuli maabara ithibitishwe kwa kromatografia, yaani kipimo kinachotenganisha kemikali moja moja. Wakati unasubiri majibu, tumia chanzo kingine. Usiyachemshe ukidhani umeyasafisha: maji hupungua kwa mvuke, na dawa nyingi hubaki humohumo sufuriani.