Kuutoa mkono kwenye kasa ya Windows na kuutia kwenye Palm ya zamani

Mdogo wangu yuko Wete, kapata Palm m100, kile kikompyuta cha kiganjani cha mwaka 2000, skrini 160 kwa 160, rangi hamna, inakula betri mbili za AAA. Anaiandikia bao, akataka ule mkono wa kasa wenye kunyoosha kidole umuoneshe shimo gani linachezwa (kasa ya kompyuta jamani, kile kialama kinachofuata mausi, si kasa wa Nungwi). Tumehangaika kwa simu siku mbili, mie Unguja yeye Pemba, basi hizi hapa hatua zetu. Palm yenyewe kasa haina, unagusa kwa kalamu, kwa hiyo mkono unakuwa picha tu na programu ndo inauchora.

1. Weka icoutils (ya kufungua faili za kasa, ndimo ilimo icotool), ImageMagick (ya kubadilisha picha, ndimo ilimo convert) na PilRC (ya kutia picha kwenye programu ya Palm). Natumia Linux. Zile tovuti za kubadilisha faili mie sizitaki, zinakupa picha halafu ncha ya kidole zinaitupa.

2. `icotool -l mkono.cur` (.cur ndo faili la kasa ya Windows), andika namba za hotspot, yaani ncha, kwenye karatasi. Yetu ilikuwa 6 na 0, yaani pikseli ambayo kidole kinahesabiwa kimegusa. Faili la .cur na la .ico ni ndugu wa tumbo moja, ila pale ikoni inapoweka idadi ya biti za rangi, kasa inaweka ncha.

3. `icotool -x mkono.cur`. Zinatoka picha za PNG, chukua ya pikseli 32 kwa 32.

4. Hapa ndo palipotula usiku mzima. Tukiigeuza kuwa BMP, aina ya picha anayoisoma PilRC, kwenye Palm mkono unatokea ndani ya boksi jeusi tii, mstari wake wa pembeni umemezwa. Nikadhani PilRC mbovu, nikaiweka upya, wapi, umeme nao ukakatika, tukalala. Kumbe kasa ina picha mbili ndani, moja ya rangi na moja ya maski inayosema wapi paonekane nyuma, na pale penye uwazi rangi iliyolala chini ni nyeusi, sasa BMP ya biti moja, yaani nyeusi na nyeupe tu, uwazi haiujui, inakupa ule weusi. Tia nyeupe kwanza:

`convert mkono.png -background white -alpha remove -alpha off -threshold 50% -type bilevel BMP3:mkono.bmp`

Usitumie `-monochrome`, itakujazia vidoa kama upele. Lakini bado, maana mkono wenyewe ni mweupe wenye mstari mweusi pembeni, ukichora weusi peke yake kete zinaonekana katikati ya kiganja kama mkono wa jini. Kwa hiyo toa na maski:

`convert mkono.png -alpha extract -threshold 50% -negate -type bilevel BMP3:maski.bmp`

Kwenye programu chora maski kwa winMask, inasafisha pahala pa mkono, halafu juu yake mkono kwa winOverlay, inayochora weusi tu (zote mbili ni namna za kuchora za Palm). Kasa ya maandishi, ile kama herufi I, usijisumbue nayo, mara nyingi ina pikseli za kugeuza rangi ya kilicho chini na PNG haina namna ya kuzibeba. Ichore mwenyewe, ni mistari mitatu.

5. Kwenye faili la PilRC andika `BITMAP ID 1000 "mkono.bmp"` na 1001 kwa maski, jenga programu, halafu itie kwenye Palm kwa waya: `pilot-xfer -p /dev/ttyUSB0 -i bao.prc`.

6. Unapochora, toa namba za karatasini: x toa 6, y toa 0. Bao lina mashimo 8 kwa safu, kila moja linapata pikseli 20, basi ukikosea kidogo tu umeshahamia kwengine. Mdogo wangu kanipigia asubuhi ananambia kaka, mkono unaonesha shimo la jirani. Kumbe mie nilikata weupe wa pembeni kwa `-trim` ili picha iwe ndogo, nikasahau kuwa nikikata pikseli 5 za kushoto ile 6 inakuwa 1.