Somo: Kupokea kila mgeni kwenye kongamano la sayansi Lamu

Mwaka mmoja nilisaidia kuandaa kongamano la watafiti wa bahari hapa Lamu. Mmoja wao, anayetumia kiti cha magurudumu, alitua uwanja wa ndege wa Manda, kisiwa cha jirani, akavushwa, boti ikafika gatini maji yametoka. Ngazi zilikuwa zimeota kijani. Vijana wawili wakamnyanyua kwa makwapa bila kumuuliza, kiti kikafuata juu ya mabegi. Akashukuru kwa upole. Siku tatu hakuuliza swali hata moja ukumbini, naye ndiye aliyeijua mikoko kutushinda sote. Bado inaniuma. Sasa napanga hivi:

1. Anza na maji. Bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kutoka sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji yakitoka, boti hukaa chini kabisa na ngazi huwa ndefu. Chagua siku za maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka sana, kama tarehe 8 hadi 10 au 22 hadi 24 za mwezi wa Kiislamu, na wageni wavushwe maji yamejaa. Nahodha aje na ubao mpana wenye kingo. Siku moja kabla, ujaribuni kwa kiti kilichopakiwa mzigo wa uzito wa mtu.

2. Kwenye fomu ya kujiandikisha uliza: "Unahitaji nini ili ushiriki kikamilifu?" Aliyejibu, mpigie simu. Muulize anapenda kusaidiwa vipi. Mwili ni wake.

3. Pima ukumbi kwa futi kamba, choo pia. Kila sentimita 10 za kupanda zinataka mteremko wa sentimita 120. Mji wa Kale umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hiyo usimwage zege: seremala atengeneze mteremko wa mbao wa kuondoleka. Tafuta ukumbi ulio karibu na njia ya pwani. Vichochoro vya ndani ni vyembamba, na punda nao wanapita.

4. Kila msemaji ashike kipaza sauti, hata mwenye sauti ya mwadhini. Grafu zisitegemee nyekundu na kijani, wapo wasiozitofautisha.

5. Ijumaa simamisha vikao mapema kwa ajili ya swala. Mama anayenyonyesha apate chumba chenye mlango unaofungika.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Tumepata mkalimani mmoja tu wa lugha ya alama. Atatosha?

Marahaba mwanangu. Kwa siku nzima hapana. Wakalimani hupokezana kila dakika 20 au 30, maana akili huchoka kabla ya mikono. Mtafute wa pili, au mfupishe vikao. Na mpelekeeni slaidi siku chache kabla. Neno kama "usanisinuru" asikutane nalo jukwaani.

Bajeti yetu ni ndogo. Tuanze na lipi?

Simu ya hatua ya 2, dada yangu. Pengine mgeni wako anahitaji maandishi makubwa tu, na wewe umeshaagiza mbao.

Sisi tuko Malindi, hatuvuki maji. Kwetu si rahisi?

Kutoka uwanja wa ndege, ndiyo, lakini kiti kisichokunjika hakiingii kwenye tuktuk. Kodini gari lenye nafasi. Na mkipanga ziara ya Hifadhi ya Bahari, ulizeni mapema boti zinapandiwa wapi. Zikipandiwa mchangani, magurudumu yatazama. Tandikeni mbao kutoka barabarani hadi majini.