Shamba la kikundi: anzeni na anayeishi kwa kibarua

Miaka saba nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha shamba la pamoja, na kabla ya hapo nilikuwa katika kikundi kingine kilichosambaratika msimu wa pili. Vyote viwili vililima mahindi na maharage, kwa jembe la mkono. Kilichovitofautisha ni swali ambalo hiki cha sasa kilijiuliza mapema: mwenzetu asiye na akiba hata ya siku mbili ataishije mpaka tuvune?

Familia maskini kabisa hula kwa kibarua cha leo. Mkimweka mama wa nyumba hiyo shambani kutwa, siku tatu kwa wiki, mmemnyang'anya chakula cha siku tatu. Mkutanoni hatapinga. Ataanza kuchelewa, atakosa, mtamtoza faini, ataacha. Shamba litabaki la waliokuwa nacho tangu mwanzo. Nimeliona jambo hili kwa macho yangu na bado linaniuma.

Basi kabla ya kununua mbegu, nendeni nyumbani kwake mkamuulize siku gani kibarua huwa adimu. Siku hizo ndizo ziwe za shamba la kikundi. Kisha gaweni kazi kwa ngwe, yaani kipande cha shamba kilichopimwa, msiigawe kwa saa. Ekari moja ya mahindi, mistari ikiachana sentimita 75 na shimo hadi shimo sentimita 30, ina mashimo karibu 18,000. Mkiwa watu 20, kila mmoja ana 900, kazi ya asubuhi kadhaa. Anayemaliza ngwe yake aende zake. Mwenye mtoto mchanga aje jioni, na mzee amtume kijana wake. Tulipoacha kuhesabu saa, ugomvi wa nani alikaa kivulini uliisha.

Wiki ngumu kuliko zote ni za palizi ya kwanza. Mahindi yakisongwa na magugu katika wiki za mwanzo hayafidiki tena, na wakati huohuo mashamba ya wenye uwezo yanatafuta vibarua. Maskini hupalilia kwa watu huku kwake kunaota nyasi. Sisi tulitenga nafaka tangu mavuno yaliyotangulia, tukaiita chakula cha palizi, na kila anayemaliza ngwe ya palizi huondoka na kipimo chake siku hiyohiyo. Kwa msimu wa kwanza, ambao ghala bado ni tupu, changeni kidogo kidogo miezi kadhaa kabla. Pandeni pia matuta machache ya mchicha karibu na maji, kwa kuwa huanza kuchumwa wiki ya tatu au ya nne, wakati mahindi bado yako magotini.

Ardhi iandikiwe. Kile kikundi changu cha kwanza kilipewa kiwanja kilichochoka, kwa mdomo tu. Tulibeba samadi kichwani msimu mzima. Udongo ulipopata nguvu, mwenyewe akasema anakihitaji. Tangu hapo siweki jembe mahali pasipo na karatasi inayotaja mipaka, miaka isiyopungua mitatu, malipo, na majina ya mashahidi wa pande zote mbili. Karatasi hiyo isomwe kwa sauti mbele ya wote, kwa sababu wapo wasiosoma.

Daftari la ngwe nalo lisomwe kwa sauti kila mkutano, na fedha zikae katika sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Mimi mweka hazina sikuwahi kushika hata mmoja, na nililala usingizi mzuri. Mgao mkubaliane kabla ya kupanda: mbegu ya msimu ujao kwanza, chakula cha palizi pili, kinachobaki kigawanywe kwa hesabu ya ngwe. Katika kura, kila mtu moja, awe na ngwe nyingi au chache.

Baada ya kuvuna, subira. Wakati huo kila mtu anauza na bei iko chini, lakini ghala la mahindi mabichi ni hasara pia. Kausheni juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Kisha chukueni chupa ya kioo iliyokauka, tieni punje na chumvi kavu kidogo, tikiseni vizuri, muache zitulie. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisheni juani. Mahindi ya kuhifadhi yawe na unyevu wa karibu asilimia 13. Unyevu huleta ukungu, na ukungu huleta sumukuvu ambayo kupika hakuiondoi. Yakikauka, mifuko isiyopitisha hewa huwaua fukusi bila dawa, mradi mdomo ufungwe barabara na usifunguliwefunguliwe.

Maskini hulazimika kuuza mapema kwa sababu mtoto ameugua au deni limefika. Anauza hata mahindi yakiwa bado shambani, kwa bei atakayotaja mlanguzi. Hapo ndipo sanduku lifanye kazi: kikundi kimkopeshe leo, gunia lake libaki ghalani kama dhamana, liuzwe bei ikipanda, mkopo ukatwe, na chenji yote apewe mkononi mbele ya mkutano.