Dawa ya maumivu ikikukataa, usisubiri ngozi ibanduke

Mdogo wangu alinunua vidonge vya mgongo, vya kuhesabiwa, vikawekwa kwenye kibahasha kilichoandikwa "1×3" basi. Siku ya tisa aliamka na homa, macho yanamchoma, koo linauma. Tukasema malaria. Kesho yake midomo ikapasuka, kifuani vikatoka vidoa vyeusi. Nilipomgusa nimpake mafuta alipiga kelele, na ngozi ikanifuata kidoleni kama utando wa maziwa ya moto.

Hospitali daktari aliuliza: "Alimeza dawa gani?" Kibahasha tulishakitupa. Ilibidi nirudi dukani nikaonyeshwe kopo: piroksikamu.

Ugonjwa huo unaitwa Stevens-Johnson. Ni nadra, lakini unaua, na dawa zinazouleta tunazo kabatini: piroksikamu na meloksikamu hasa, hata ibuprofeni na diklofenaki. Parasetamoli nayo, mara chache sana. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliitolea onyo.

Kwa hiyo unaponunua vidonge vya kuhesabiwa, mwambie muuzaji aandike jina la dawa juu ya kibahasha, kisha kipige picha. Naomba sana usione aibu.

Mara nyingi dalili huja kati ya siku chache na wiki nne tangu uanze dawa. Homa na macho kuuma hutangulia. Kwenye ngozi yetu usingoje wekundu. Angalia madoa meusi au ya zambarau, malengelenge, vidonda mdomoni au sehemu za siri. Ngozi ikiuma kwa kuguswa tu, hiyo si mzio wa kawaida. Usimeze tena kidonge chochote cha maumivu, hata cha kushushia homa, mpaka daktari akuone. Wahi hospitali kubwa saa hiyohiyo, usiku au mchana, na ubebe dawa zote. Kama unatumia pia Septrin, ARV au dawa ya kifafa, sema mapema, maana nazo zinaweza kuuleta.

Njiani mfunike mgonjwa kwa kanga safi. Usitumbue malengelenge, usipake chochote. Mkifika, ombeni daktari wa macho. Makovu ya ugonjwa huu yanaweza kupofusha.

Mdogo wangu alilazwa wiki tano. Sasa anatembea na kadi: "Piroksikamu marufuku. Meloksikamu pia." Dukani huitoa kabla ya hela.