Kupima Thamani ya Gemu ya Bei Nafuu Yenye Kasoro

Kabla ya kulipia gemu ya bei nafuu ambayo haikukamilika vizuri, tenganisha kwanza kasoro zinazochekesha na zile zinazokupotezea muda. Mhusika anayetembea huku miguu yake ikizama sakafuni hadi magotini, au sauti isiyolingana na midomo, haimpunguzii mchezaji chochote. Mimi binafsi huona vituko vya namna hiyo vikiongeza utamu. Lakini gemu inayoganda kila unapofungua ramani, au inayofuta hatua uliyoihifadhi jana, ni ghali hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Tazama video isiyohaririwa ya mtu anayeicheza, tena si dakika za mwanzo bali za katikati, kwa kuwa huenda watengenezaji waling'arisha sehemu ya kwanza na kuiacha iliyobaki ikiwa mbichi. Angalia kama mhusika anaitika mara tu kitufe kinapobonyezwa, kwa sababu picha mbaya huzoeleka baada ya saa moja, ilhali vitufe vinavyochelewa huudhi hadi mwisho.

Ukinunua kupitia Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, unaweza kuomba kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 tangu ulipolipa, mradi muda uliocheza haujafika saa 2. Basi utumie muda huo kujaribu kuhifadhi hatua, kuifunga gemu na kuifungua tena, badala ya kuumaliza ukimchagulia mhusika nywele. Ufupi wa gemu usikutie wasiwasi: saa 4 za mambo ya ajabu zinapita saa 40 za kuokota mbao.