Sebule ya mtindo wa Skandinavia kwa jua na unyevu wa Dar

Mwezi wa Desemba, Stockholm jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na huzama kabla ya saa tisa alasiri. Ndiyo maana Waswidi na majirani zao wakapenda kuta nyeupe, mbao zisizokoza na madirisha yasiyozibwa: mwanga ni mchache, inabidi utunzwe. Dar es Salaam mwanga tunao wa kumwaga, tena unaingia na joto, vumbi na hewa ya bahari. Ukinakili picha ya sebule yao kama ilivyo, saa nane mchana utakaa umekunja uso, na masika ikikolea kona zitaota ukungu. La kuchukua ni uchache wa vitu, mbao inayoonekana kuwa mbao, na taa za chini chini. Weupe wenyewe tuupime kwa jua letu.

Anza na ukuta, na rangi usinunue kwanza. Nyumba nyingi za hapa zina ukuta unaotema chumvi au unaopandisha maji kutoka ardhini, na rangi nyeupe haifichi hata doa moja. Kata nailoni nzito ya mita moja kwa mita moja, ibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, iache saa 24. Ukikuta umande upande ulioegemea ukuta, maji yanatoka ndani: tafuta bomba linalovuja au mtaro wa nje uliojaa kabla ya kumwita fundi rangi. Umande ukiwa upande wa chumbani, hiyo ni hewa tu, fungua madirisha. Unga mweupe wa chumvi uusugue kwa brashi kavu. Ukiuosha kwa maji, chumvi inayeyuka, inarudi ndani ya plasta, na ukuta ukikauka inatoka tena. Plasta mpya ipe siku 28 ikauke.

Kisha skimingi, yaani kuulainisha ukuta kwa tabaka jembamba kabla ya rangi. Hapa ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu ukuta mweupe usio na urembo unaonyesha kila bonde. Pigeni mikono miwili myembamba, kila mmoja milimita moja hadi mbili, wa kwanza ukauke kabisa ndipo wa pili ufuate. Fundi mwenye haraka hupiga mkono mmoja mnene, nao unapasuka nyufa nyembamba ukikauka. Unga wa jipsamu unafaa kuta kavu za ndani tu. Sentimita 30 za chini, pamoja na ukuta unaopakana na bafu, tumia saruji nyeupe, maana jipsamu ikinywa maji inalainika. Piga msasa namba 120, kisha 180. Usiku zima taa, ilaze tochi ya simu ubavuni mwa ukuta: kila kovu litatoa kivuli. Yawekee alama kwa penseli, fundi ayarekebishe asubuhi. Futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha pakauke, ndipo praima, rangi ya kwanza ya kushikia, ipakwe. Rangi iliyopakwa juu ya vumbi inabanduka kwa mapande, hata iwe ya bei gani.

Nyeupe pe ni ya nchi ya giza. Hapa chagua nyeupe ya maziwa, na kwa chumba chenye dirisha la magharibi nyeupe iliyotiwa kijivu kidogo. Paka kipande cha plaiwudi cha sentimita 60 kwa 60, kiegemeze ukutani, kitazame saa nne asubuhi, saa tisa alasiri, na usiku taa zikiwaka. Rangi ya mati, isiyong'aa, huficha kasoro lakini huchafuka upesi. Silki hufutika lakini humetameta. Sebuleni tunashauri mati inayooshwa, silki ibaki jikoni na kwenye korido. Kwa hesabu: chumba cha mita nne kwa nne chenye kimo cha mita tatu, ukitoa mlango na madirisha mawili, kina kama mita za mraba 42 za ukuta. Mikono miwili ni 84, na lita moja hufunika takriban mita 10 kwenye ukuta laini. Lita tisa zinatosha, ongeza moja ya marekebisho. Dari iache bapa. Jipsamu ya ngazi na mikanda ya taa za rangi inapendwa sana mjini, ila inauua mtindo huu palepale.

Mbao ndiyo moyo wa mtindo huu. Wao hutumia sana mbao za mbetula, msonobari (paini) na mwaloni. Sisi tuna paini ya nyanda za juu kusini, inayouzwa karibu kila duka la mbao. Jihadhari na jambo moja: mbao za paa mara nyingi zimetiwa dawa ya kijani yenye shaba na aseniki. Meza ya chakula isitengenezwe kwa mbao hizo, wala vumbi lake la msumeno lisivutwe. Omba mbao zisizo na dawa, kisha zikaushe mwenyewe: zipange kivulini, kati ya tabaka na tabaka weka fito za sentimita mbili na nusu, kila baada ya sentimita 50. Chukua kipande kimoja, kipime kwenye mzani kila wiki. Uzito ukigoma kushuka kwa wiki mbili mfululizo, peleka kwa fundi. Wengi hupeleka mbao mbichi kwa kuogopa kuchelewa, meza inakuja nzuri, halafu baada ya miezi michache unaona ufa katikati na miguu inacheza.

Fundi samani wa Keko ataiweza kazi hii ukimpa mchoro wenye vipimo, si picha ya simu peke yake. Mwambie usichotaka: nakshi, dhahabu, vanishi nyekundu. Msasa hadi namba 240, halafu vanishi ya maji isiyo na rangi, mikono mitatu. Vanishi ya mafuta hugeuka njano na kuifanya paini ionekane kuukuu. Na pakeni hadi chini ya meza, mahali asipoona mtu. Upande ulioachwa wazi hunywa unyevu upesi kuliko uliopakwa, na hapo ubao unapinda. Kama una samani za mninga, usiziuze: kabati moja la mninga kwenye chumba cheupe linapendeza kuliko seti nzima mpya. Kiti cha Hans Wegner, mbunifu wa samani wa Denmark, cha mwaka 1949, chenye mgongo wa umbo la Y, kimesukwa kwa takriban mita 120 za kamba ya karatasi. Hapa kamba ya ukindu inafanya kazi hiyohiyo, na mafundi wa kutanda vitanda vya kamba wanaijua vizuri.

Dirishani weka pazia la pamba nyeupe nyepesi, upana mara mbili ya dirisha, bomba la pazia likae karibu na dari. Fua kitambaa kabla ya kushona, pamba hupungua ikifuliwa. Dirisha la magharibi lipe tabaka la pili zito la kufunga alasiri.

Taa ya mrija katikati ya dari izime jioni. Nunua balbu zilizoandikwa 2700K au 3000K, zenye mwanga wa njano; za 6500K, zenye mwanga mweupe wa baridi, zinaufanya ukuta mweupe uwe wa zahanati. Weka taa tatu ndogo badala ya moja kubwa, na ya mezani ining'inie sentimita 60 hadi 75 juu ya meza. Poul Henningsen wa Denmark aliibuni taa ya kuning'inia ya PH 5 mwaka 1958 ili balbu isimpige mtu machoni. Jipime hivyohivyo: kaa kwenye kiti, ukiiona balbu, kava ni fupi.

Marumaru zinazong'aa zifunike kwa mkeka wa ukili wa rangi moja au mbili. Siku ya deki ukunje kwanza, sakafu ikauke ndipo uutandike. Ukilowa, uanike kivulini. Picha zitundike katikati yake ikiwa sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Na kila mguu wa samani uvae soli ya mpira, hasa za MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, kwa maana maji ya deki huipanda kutoka chini na ikishavimba hairudi.